Ugogo Machoni pa Wageni

Maneno yaliyonenwa na katekista mbele ya walimu na Wakristo wa Chamwino, katika siku za Jubilei



Tumepewa kunena juu ya nchi yetu ya Ugogo, namna ilivyoonekana machoni pa watu walioijia mara ya kwanza. Huenda wengine wataona ajabu kwamba katika siku za Jubilei, tunapozihesabu baraka za miaka mingi, twaacha habari za Kanisa na kunena habari za njia na vumbi na maji. Lakini sisi twaamini ya kuwa jambo hili nalo ni la Kanisa. Maana kila mwaka wageni hutujia, walimu na waganga na makarani na wajenzi, na kila mgeni huja na macho mawili na ulimi mmoja. Ayaonayo siku ya kwanza huyanena. Na ayanenayo hukaa miaka mingi baada ya yeye mwenyewe kwenda zake. Watoto wetu huyasikia, na kwa kuwa yamesemwa na mtu mkubwa aliyetoka mbali, huyasadiki.

Twasoma katika kitabu cha Hesabu kwamba Musa aliwatuma watu 12 kuipeleleza nchi ya Kanaani. Wote walipita njia moja, wote walikaa siku 40, wote waliona miji ileile na watu walewale. Kutoka bonde la Eshkoli walichukua kichala cha zabibu, kikubwa hata kikachukuliwa na watu wawili kwa mti. Lakini waliporudi, 10 walileta habari ya kuwatia watu hofu, na wawili tu, Yoshua na Kalebu, walileta habari ya kuwatia moyo. Nchi ilikuwa moja, na habari zikawa mbili. Wale 10 hawakusema uongo juu ya kuta ndefu na watu warefu. Kosa lao lilikuwa kudhani ya kwamba waliyoyaona yalikuwa yote. Basi, na tuangalie kama wapelelezi wa nchi yetu walifanya vema kuliko hao.

Kwanza tukubali kwamba nchi hii haimpokei mgeni kwa upole. Msafiri wa zamani aliyetoka pwani kwa miguu, alipokwisha kuiacha milima ya Usagara na kupita Mpwapwa, alifika Chunyo, na mbele yake ikawa nyika ya Marenga Makali. Jina lenyewe ni onyo, maana malenga kwa Kigogo ni maji, na maji ya huko ni makali kwa chumvi. Wapagazi walijaza vibuyu vyao, wakaingia nyikani wakitembea kwa haraka, wala hawakutumaini maji mema mpaka wafike upande wa Mvumi. Hapo ndipo walipoiona Ugogo: uwanda ulioinuka zaidi ya meta 1,000 juu ya bahari, udongo mwekundu, migunga yenye miiba, mibuyu isiyo na jani hata moja, upepo usiotulia, na chamchela zikisimama kama nguzo za vumbi mchana kutwa. Mchana jua huchoma, na usiku katika miezi ya Juni na Julai baridi huingia mifupani. Nyumba za tembe, kwa kuwa zilikuwa fupi na mapaa yake yalikuwa ya udongo uleule wa nchi, msafiri hakuziona mpaka alipokaribia; aliona moshi kwanza, akasikia ng'ombe, ndipo akajua kwamba pana watu.

Hata jina letu twaambiwa lilitoka kwa wapita njia. Wazee husimulia kwamba wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakienda pwani walizoea kupumzika mahali palipolala magogo makubwa, wakawaita wenyeji wa pale kwa jina la magogo hayo, na baadaye nchi nzima ikaitwa hivyo. Basi tazameni: mtu alipita, akaona gogo la mti, akaenda zake, nasi tungali twaitwa Wagogo. Hatulikatai jina hili, maana limekuwa letu na twalipenda. Lakini latufundisha jinsi jicho la mpita njia lilivyo na nguvu.

Sasa tuwaangalie wasafiri wawili walioandika vitabu. Wa kwanza ni Richard Burton, Mwingereza, aliyepita Ugogo pamoja na mwenzake John Speke katika miezi ya Septemba na Oktoba mwaka 1857, wakienda Tabora na ziwa la Tanganyika. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1860. Wa pili ni Henry Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwezi wa Machi mwaka 1871 ili kumtafuta Daktari Livingstone, akaingia Ugogo mwishoni mwa mwezi wa Mei. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1872. Njia yao ilikuwa karibu moja. Lakini Burton aliandika zaidi juu ya nchi iliyokauka, mng'ao wa jua na vumbi. Naye Stanley, ijapokuwa alilalamika sana juu ya makelele ya watu waliomzunguka kumtazama, aliandika pia juu ya mashamba ya mtama na watu walioleta kambini maziwa, samli, asali, unga, kunde na maboga ili kuuza.

Je, yupi alisema kweli? Wote wawili, ila kila mmoja alisema kweli ya mwezi wake. Mwalimu yeyote aliyekaa Chamwino mwaka mmoja aweza kuwaeleza. Mvua zetu ni za majira moja tu, tangu Desemba hata Aprili, nazo kwa kawaida ni kama milimita 500 au 600 kwa mwaka mzima. Mwezi wa Mei na Juni ni miezi ya mavuno. Maghala hujaa, maboga yapo, ng'ombe wana maziwa. Septemba na Oktoba nyasi zimekwisha, madimbwi yamekauka, na wanawake huchimba mchanga wa makorongo ili wapate maji ya kunywa. Burton aliijia nchi ikiwa imefunga saumu, na Stanley akaijia siku ya karamu. Kama wangalibadilishana miezi, labda wangalibadilishana na vitabu.

Jambo ambalo wasafiri wote walilinung'unikia ni hongo. Neno hili siku hizi lina maana mbaya, yaani rushwa. Lakini zamani lilikuwa ushuru uliotolewa mbele ya watu kwa mtemi wa nchi, doti kadha wa kadha za merikani na kaniki, na shanga, kabla msafara haujaruhusiwa kupita. Wasafiri waliandika kwamba ni unyang'anyi. Hatusemi kwamba watemi wote walikuwa na kiasi. Walikuwako wenye tamaa, kama walivyoko katika kila kabila. Lakini mfikiri mambo haya kwa upande wa mwenye kisima. Msafara mmoja uliweza kuwa na watu mamia, pamoja na punda. Kisima kilichimbwa kwa mikono ya watu wa kijiji, na maji yake yalipimwa yawatoshe wao na ng'ombe wao mpaka mvua irudi. Msafara ukinywa siku mbili, mwenyeji ndiye atakayelipa deni la maji yale mwezi wa Novemba, wakati msafiri yuko mbali. Pia, msafara ulinunua nafaka, na nafaka iuzwayo leo ndiyo itakayotafutwa kesho mvua zikikosa. Kwa hiyo maji katika nchi hii hayakuwa kitu cha bure kama hewa. Msomaji wa Maandiko hatashangaa, maana alikwisha kusoma habari za Isaka katika bonde la Gerari, jinsi wachungaji walivyogombana juu ya visima hata Isaka akavipa visima hivyo majina ya ugomvi, mpaka alipopata kisima kisichogombewa.

Tena tumkumbuke Bwana wetu katika mji wa Sikari. Alikuwa msafiri aliyechoka, akaketi kisimani saa ya adhuhuri katika nchi ya watu wasiopatana na watu wake, wala hakuwa na kitu cha kutekea. Hakuamuru, wala hakuwakaripia wenye nchi. Alimwomba mwanamke mwenyeji maji ya kunywa. Na kwa kuomba huko mazungumzo yalianza, na kwa mazungumzo mji mzima ukaja kumsikiliza. Tunaona hapa kwamba mgeni aliyekubali kuwa na haja alipata zaidi ya maji.

Injili yenyewe, ndugu zetu, iliingia nchi hii kama mpita njia. Wamisionari wa kwanza wa C.M.S. waliofika Mpwapwa mwaka 1876 hawakuwa na shauri la kuja kwetu. Walikuwa wakienda Buganda kwa Kabaka Mutesa. Mpwapwa ilikuwa kituo cha njiani tu, mahali pa kupumzisha wapagazi. Mwaka 1877 Alexander Mackay aliikata njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hata Mpwapwa, naye macho yake yalitazama Buganda. Lakini wako waliobaki. Walikaa masika na kiangazi, wakaugua pamoja na watu, wakajifunza Kigogo kwa kuuliza neno baada ya neno, wakaandika vitabu vya kwanza vya lugha hiyo. Na hata hao wasingaliweza kitu kama si wenyeji waliowafundisha kunena, wakawa walimu wa walimu wao. Basi mbegu ya dayosisi hii, iliyofanywa dayosisi mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers aliyetoka Australia, haikupandwa na wale waliopita. Ilipandwa na waliokaa.

Sasa tufike mahali penye uchungu. Mtu akitaja Wagogo katika miji mikubwa, wengi hucheka na kusema, ni ombaomba. Vijana wetu wamelisikia neno hili shuleni na garini, na wengine huficha kabila lao ili wasichekwe. Sisi twauliza: nchi iliyouza unga na samli na asali kwa misafara mwaka 1871, ilipataje jina la ombaomba?

Jibu lake limo katika historia. Vita ya mwaka 1914 ilipokuja, majeshi yalipita hapa. Wadachi walichukua nafaka, ng'ombe na watu wa kubeba mizigo. Dodoma ilitwaliwa na majeshi ya upande wa Waingereza mwezi wa Julai mwaka 1916, na hao nao wakahitaji nafaka, ng'ombe na watu. Kisha mvua zikakosa. Kwa hiyo nchi iliyozoea kuishi kwa akiba, akiba yake ilikuwa imekwisha kuchukuliwa siku ile ilipohitajiwa. Ndipo ilipokuja njaa ya miaka ya 1917 hata 1920, ambayo wazee waliiita Mtunya, yaani kugombania. Watu wengi mno walikufa, na wengine waliacha tembe zao wakaenda kutafuta chakula popote. Mtu aliyekutana nao njiani mwaka ule aliwaona wakiomba, akasema, hawa ni watu wa kuomba. Hakuliona ghala lililokuwa limejaa, wala hakuwaona waliolimwaga. Kama Burton aliona mwezi mmoja akaandika juu ya nchi, basi mtu huyu aliona mwaka mmoja wa msiba akaandika juu ya kabila zima. Jina lile lingali lawafuata watoto ambao babu za baba zao walikuwa hawajazaliwa wakati wa Mtunya.

Walimu, twawasihi muwafundishe watoto habari hii. Msiifundishe kwa hasira, wala kwa kujisifu, bali kwa miaka yake na sababu zake. Mathias Mnyampala, mwana wa nchi hii aliyezaliwa mwaka 1917, aliandika kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, kikatolewa mwaka 1954. Hapo mwenyeji aliinena nchi yake mwenyewe. Na wengine wafuate mfano huo.

Kuna watu watakaosema kwamba maneno ya wapita njia ni maneno tu, wala hayaleti hasara. Sisi twawaonyesha Kongwa, jirani yetu upande wa mashariki. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza iliwatuma wataalamu watatu kuitazama nchi kama yafaa kwa kulima karanga, ili kupata mafuta baada ya vita. Walizunguka Afrika ya Mashariki kwa majuma 9, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na habari njema. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kung'oa miti Kongwa. Mibuyu ikavunja vyuma. Udongo, uliokuwa laini wakati wa mvua, ukakauka ukawa mgumu kama tofali, hata karanga zisiweze kuchimbuliwa. Mvua hazikuja kama zilivyotazamiwa. Mwaka 1951 mpango ule ukaachwa, na fedha zilizopotea zilikuwa kama pauni milioni 36. Wapelelezi wale hawakuleta habari ya hofu kama wale 10 wa Kanaani. Walileta habari ya kutia moyo kupita kiasi. Lakini haraka yao ilikuwa ileile. Mwenye kusifu kwa siku moja na mwenye kulaumu kwa siku moja ni ndugu wawili. Sababu kwa nini wenyeji wa nchi hii hupanda uwele na mtama ilikuwa imeandikwa katika kila shamba, ila yahitaji misimu kadhaa kuisoma.

Na leo je? Siku hizi nchi yetu haipitwi tena. Imekuwa mwisho wa safari. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910. Mwaka 1973 ilikatwa shauri kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na hapa Chamwino Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kushika matofali pamoja na wanakijiji katika siku za vijiji vya ujamaa. Tangu mwaka 2016 serikali imehamia kwa wingi. Ikulu mpya ya Chamwino ilifunguliwa mwezi wa Mei mwaka 2023, na mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuwaleta watu kutoka Dar es Salaam kwa saa chache. Safari iliyomchukua Stanley miezi miwili, mtu aimaliza kabla chakula cha mchana hakijapoa. Twamshukuru Mungu kwa hayo. Lakini tuangalie: miguu ya wasafiri imekuwa myepesi, na hukumu zao pia zaweza kuwa nyepesi. Mwalimu mgeni hushuka mwezi wa Oktoba, huliona vumbi, huonja maji ya chumvi, na kabla ya juma kwisha amekwisha kuandika barua ya kuomba uhamisho. Mnunuzi wa viwanja huja katika mwezi huohuo, huliona shamba lililolala, husema ni pori lisilo na mwenyewe, naye hutaja bei ya pori. Mzee mwenye shida hukubali. Na masika yakija watoto wake hawana pa kupanda.

Kwa hiyo tunayo maneno ya kuwaambia watu wa namna mbili.

Kwenu ninyi wageni, walimu hasa: karibuni sana. Twawaomba jambo moja tu, kwamba msiinenee nchi hii, kwa sifa wala kwa lawama, mpaka mmeona masika moja na kiangazi kimoja. Katika mwaka huo ulizeni. Ulizeni kwa nini mzee mwenye zizi dogo aheshimiwa, nanyi mtasikia kwamba ng'ombe wake wengine wamelala kwa rafiki zake katika vijiji vya mbali, ili ukame wa mahali pamoja usimmalize. Ulizeni jinsi majani ya mlenda yanavyokaushwa wakati wa mvua, yakapikwa wakati ambapo hakuna jani bichi. Mkikaribishwa ugali wa uwele, kuleni. Jifunzeni kuitikia salamu za watu. Mwisho wa mwaka, kama mngali mwataka kuondoka, ondokeni kwa amani. Lakini twajua kwamba wengi hawataondoka.

Kwenu ninyi wenyeji wenzetu: wahenga walisema, mgeni ni kuku mweupe. Huonekana mara moja, naye hana pa kujificha. Basi msimcheke anapokosea, wala msimnyamazie anapoinenea nchi vibaya. Mwelezeni. Nchi isiyoelezwa na wenyewe huelezwa na wapita njia. Tena shamba lenu msiliuze kwa bei ya mwezi wa Oktoba. Fikirini kwanza mwezi wa Mei, keti pamoja na mke wako na watoto wako, waite wazee, ndipo ujibu.

Kalebu na Yoshua hawakuisifu Kanaani kwa kuwa haikuwa na shida. Waliziona kuta kama wenzao, lakini walikumbuka ni nani aliyewaahidi nchi ile, na kwa hiyo hawakuiogopa wala hawakuisingizia. Baba zetu katika imani waliokuja hapa, na wenyeji waliowapokea, walikuwa na macho ya namna hiyo. Waliliona vumbi, wakaliona pia ghala. Waliona njaa, wakaona pia watu wa Mungu.

Bwana Mungu, aliyeiumba nchi hii na kuipimia mvua zake, atujalie wenyeji moyo wa kupokea, na wageni moyo wa kungoja, mpaka tutakapokuwa watu wamoja mbele zake.

Amina.